Kufunga darubini kwenye bunduki ya kuwindia na kuiweka sifuri: mwongozo kamili kwa mwindaji mwenye kibali Uganda

Risasi yenye maana porini ni ya kwanza, ile inayotoka kwenye mtutu baridi. Nsunu, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa, ana eneo la moyo na mapafu lenye upana wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Risasi ikiingia humo, mnyama huanguka karibu. Ikipita sentimita kumi nyuma, atakimbia na utumbo uliotoboka na kuteseka hadi usiku. Akiwa nyati, kosa hilohilo linamwacha mnyama mwenye jeraha na hasira kwenye vichaka ambamo kesho yake watoto wa wafugaji watapitisha ng'ombe. Kazi yote iliyoelezwa hapa, kuanzia skrubu ya kwanza hadi kitambaa cha mwisho cha mafuta, ni ya kukuwezesha kujua kwa hakika risasi hiyo moja itatua wapi. Hiyo ndiyo maana ya kuweka sifuri: kuipanga darubini ili risasi itue unapotaka kwenye umbali uliouchagua.

Kabla ya spana, sheria. Sheria ya silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inataka uwe na cheti cha silaha unayomiliki. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 inataka uwindaji ufanywe kwa haki ya matumizi ya daraja A (ile ya kuwinda) na kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, nje ya hifadhi za taifa. Kufunga darubini ni kazi ya mwenye bunduki. Kuchonga chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), kubadili mtutu au kugusa mitambo ya kifyatulio ni kazi ya fundi mwenye leseni, usiijaribu nyumbani. Kupiga shabaha nako kufanyike kwenye uwanja ulioidhinishwa wenye tuta la udongo nyuma. Shamba la mjomba halitoshi, hata kama halina mtu: risasi ya bunduki ya kuwindia ikikosa tuta inaweza kuvuka kilomita tatu.

Chagua risasi inayopatikana

Wapo wanaotamani bunduki ya kuagiza yenye risasi ya aina ambayo Wamarekani huiita wildcat. Hiyo ni risasi isiyotengenezwa kiwandani. Fundi huchukua ganda la kawaida, akalibana au kulipanua shingo, kisha mtutu ukachongwa chemba ya kulifuata. Mbinu hiyo imezaa risasi nzuri. .22-250 na .25-06 zilikaa miaka mingi mikononi mwa mafundi kabla ya Remington kuziingiza kiwandani, ya kwanza mwaka 1965 na ya pili mwaka 1969. Lakini mwenye bunduki ya namna hiyo lazima ajitengenezee kila ganda, ajaze baruti mwenyewe, na apime shinikizo hatua kwa hatua. Kwa mwindaji wa Uganda huko ni kujifunga kamba: ukipoteza begi la risasi safarini, bunduki inakuwa gongo.

Chukua .308 Winchester au .30-06 kwa swala na ngiri, na .375 H&H kwa nyati. W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita na kubandikwa jina la pori hilohilo, alitumia sana 7x57, risasi ndogo ya kijeshi ya enzi hizo. Hatumtaji ili umwige. Tembo leo wamelindwa, na nyati hastahili kupigwa kwa risasi ndogo. Lililomfikisha mbali ni kwamba alijua viungo vya mnyama vilivyo ndani ya ngozi, na alijua risasi yake inaingia wapi.

Nunua maboksi mawili ya risasi 20, ya uzito mmoja na fungu moja, yaani zilizotengenezwa pamoja kiwandani. Namba ya fungu huandikwa kwenye boksi. Ukibadilisha kichwa cha grani 150 (grani ni kipimo kidogo cha uzito) kwa cha grani 180, au hata fungu kwa fungu, tundu linaweza kuhama sentimita kadhaa kwenye mita 100, na kazi yote inaanza upya.

Vifaa

Utahitaji darubini yenye pete na vikalio (vipande vya chuma vinavyofungwa juu ya bunduki kubeba pete) vinavyolingana na bunduki yako. Mirija ya darubini huwa ya milimita 25.4 au 30, na pete za moja hazikai kwenye nyingine. Tafuta bisibisi inayopima nguvu ya kukaza, maana hapo ndipo wengi hubana fedha kisha wakalipia risasi ishirini za kutafuta kosa. Ongeza gundi ya skrubu ya bluu (nyekundu usiiguse, haifunguki bila moto), spiriti ya kusafishia, pimamaji ndogo, uzi wenye timazi, na vifuko viwili vya mchanga. Mchanga wa ziwa uliochekechwa na kukauka unafaa sana. Jaza vifuko robo tatu tu, ili vishike umbo la bunduki.

Anza na bunduki, darubini baadaye

Toa risasi zote na uzipeleke chumba kingine. Fungua bolti (komeo linalofunga chemba), tazama chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukitoka chumbani ukarudi, rudia.

Sasa kagua mti wa bunduki, yaani sehemu inayobeba mtutu na chuma chake. Pitisha noti ya shilingi elfu moja kati ya mtutu na mti, kuanzia mbele kurudi nyuma. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake umetengenezwa uelee (usiguse mti), noti ipite bila kukwama hadi karibu na chemba. Ikikwama, mti unausukuma mtutu. Hapa Uganda shida hii ni kubwa kuliko vitabu vya ng'ambo vinavyodhani, kwa sababu tuna masika mawili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mti wa mbao hunywa unyevu ukavimba. Bunduki iliyopiga sawa Februari inaweza kupiga kulia Aprili bila mtu kuigusa. Dawa ni kukwangua mbao pale panapogusa kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti cha mviringo, kidogo kidogo, kisha kupaka mafuta ya kitani au vanishi ndani ya mfereji wote. Ndani ndiko wengi wanakosahau, na ndiko maji yanakoingilia. Bunduki nyingine za zamani, hata hivyo, zimetengenezwa kwa makusudi na kibonge kinachoubeba mtutu karibu na ncha ya mti. Ukikuta kibonge kimoja nadhifu pale mbele, usikikwangue. Piga kwanza uone.

Skrubu zinazoshika mti na chuma zikazwe nyutoni-mita 4 hadi 5 kwa mbao tupu, na karibu 7 kama kuna nguzo za alumini ndani ya matundu. Mbao tupu ukiikaza kwa nguvu ya nguzo, nyuzi za mbao hupondeka, na baada ya wiki skrubu imelegea tena.

Vikalio na pete

Toa vile viskrubu vidogo vya kuzibia vilivyo juu ya chuma. Futa matundu, skrubu na chini ya vikalio kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Mafuta ya kiwandani yakibaki, gundi haishiki.

Weka kikalio bila gundi kwanza, kaza skrubu ya mbele peke yake, halafu utazame nyuma kama kikalio kimenyanyuka. Kikinyanyuka, uso hauko sawa, na ukikaza kwa nguvu utakipinda, kikalio kipinde pete, na pete zipinde darubini. Mpelekee fundi akitie kipande chembamba cha chuma. Kikikaa sawa, toa, tia tone moja la gundi kwenye kila skrubu, na ukaze nyutoni-mita 2 kwa zile skrubu ndogo, 2.5 kwa zile nene. Angalia pia kwamba skrubu ya mbele haishuki hadi kwenye meno ya bolti. Bolti ikiwa nzito kufunga baada ya kuweka kikalio, skrubu hiyo ni ndefu mno.

Laza nusu za chini za pete, weka darubini, funika kwa nusu za juu bila kukaza. Kioo cha mbele kisiguse mtutu. Nafasi ya milimita 2 au 3 inatosha, na kadiri darubini inavyokaa chini ndivyo shavu linavyokaa vizuri kwenye kitako.

Nafasi ya jicho ni jambo la afya. Funga macho, iweke bunduki begani kama unavyowinda, laza shavu, kisha fumbua. Duara lote lionekane jeupe bila kivuli cheusi pembeni. Likiwa na kivuli, sogeza darubini, usisogeze kichwa. Kati ya jicho na kioo kuwe na sentimita 8 hadi 10, na kwa .375 usikubali chini ya 9, kwa sababu teke lake litaleta ukingo wa darubini kwenye nyusi. Fanya jaribio hili ukiwa umevaa koti la kuwindia, ukiwa umesimama na pia umekaa, kwani kukaa husogeza kichwa mbele.

Kunyoosha msalaba (mistari ya kulengea ndani ya darubini): tundika timazi umbali wa mita 20 hivi, weka bunduki kwenye vifuko, pimamaji moja juu ya kikalio au sehemu bapa ya chuma, kisha zungusha darubini hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Kaza skrubu za pete kwa zamu, nusu mzunguko kulia, nusu mzunguko kushoto, ili nafasi kati ya nusu mbili ibaki sawa pande zote. Mwisho uwe nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Usitie gundi hapa. Gundi mbichi hulainisha uzi wa skrubu, bisibisi husema 2 huku pete ikibana kama 3, na mrija huanza kupondeka. Ukiona kifundo cha kukuzia kimekuwa kigumu kuzunguka, umeshabana kupita kiasi.

Kuchungulia mtutuni

Hatua hii huokoa risasi nusu boksi. Weka shabaha yenye duara jeusi umbali wa mita 25. Toa bolti kabisa, laza bunduki kwenye vifuko, tazama kwa jicho kupitia mtutu kutoka nyuma, na uisogeze hadi duara lionekane katikati ya tundu. Bila kuitikisa, tazama darubini na uzungushe vifundo hadi msalaba ufike kwenye duara lilelile. Rudia mara tatu, maana bunduki husogea bila wewe kuhisi.

Kama unatumia kifaa cha leza kinachochomekwa mdomoni mwa mtutu, kitoe na ukiweke mezani unapokiona. Mtu aliyekisahau mtutuni akafyatua hupasua bunduki mkononi.

Mita 25, kisha 100

Njoo uwanjani alfajiri. Kuanzia saa nne hivi jua huifanya hewa juu ya ardhi icheze, na shabaha huonekana kama iko ndani ya maji. Vaa vizibo vya masikio na miwani.

Mti wa bunduki, chini ya mkono wa mbele, ulale kwenye kifuko. Mtutu usiguse kitu chochote. Kifuko cha pili kikae chini ya kitako, ukibane kwa mkono wa kushoto kuinua au kushusha. Kwa .375 shika mti kwa mkono wa mbele, usiiache ijirukie, na weka taulo lililokunjwa begani. Zile meza nzito za chuma zinazoikamata bunduki isirudi nyuma kabisa zimepasua miti mingi ya mbao: nguvu ya teke lazima iende mahali.

Piga mbili kwenye mita 25. Hapa wengi hukosea hesabu. Darubini iko kama sentimita 4 juu ya mtutu, na risasi bado inapanda kuufuata mstari wa jicho, kwa hiyo kwenye mita 25 hutaki ipige katikati. Kwa .308 au .30-06 unataka tundu liwe sentimita moja chini ya ulipolenga. Ukiirekebisha ipige katikati hapa, kwenye mita 100 itakuwa juu kupita mpango.

Darubini nyingi za kuwindia huhama robo ya dakika ya pembe kwa kila kliki (mbofyo mmoja wa kifundo), yaani milimita 7 kwenye mita 100 lakini milimita 1.8 tu kwenye mita 25. Zile za kipimo cha mili, kipimo kingine cha pembe, huhama sentimita 1 kwenye mita 100 na milimita 2.5 kwenye mita 25. Mfano: matundu yako kwenye mita 25 yako sentimita 5 kushoto. Gawa milimita 50 kwa 1.8, upate kliki 28 kulia. Mshale kwenye kifundo huonyesha risasi itakakohamia, si msalaba utakakohamia. Ukichanganya hayo mawili utajikuta nje ya karatasi. Piga moja kuhakikisha.

Hamia mita 100. Piga tatu, ukisubiri dakika mbili kati ya moja na nyingine, bolti ikiwa wazi. Usirekebishe baada ya tundu moja. Tafuta katikati ya yale matatu, na pima kutoka hapo. Kundi likiwa sentimita 6 chini na 4 kulia ya unapotaka, zungusha kliki 8 juu na 5 kushoto. Subiri mtutu upoe kiasi cha kuushika kwa kiganja bila kuvuta mkono, dakika kumi au zaidi juani, kisha piga tatu nyingine. Tatu za mwisho ni za kuthibitisha.

Unataka zitue wapi? Kwa .308 yenye kichwa cha grani 150 kinachotoka kwa karibu mita 860 kwa sekunde, weka sentimita 4 juu kwenye mita 100. Kwenye mita 200 itakuwa kama sentimita 4 chini. Maana yake ni kwamba kuanzia mdomoni hadi mita 200 unalenga katikati ya kifua cha nsunu bila kufikiri, na risasi haitoki nje ya eneo la uhai. Kwa .375 yenye grani 300, weka sawasawa kwenye mita 100 na uache hapo. Nyati hapigwi mbali, na risasi hiyo huwa imeshuka kama sentimita 16 kwenye mita 200. Kwa nzohe, swala wa kwenye vinamasi, kwenye matete umbali ni mfupi na nafasi ni finyu, hivyo sifuri ya mita 100 inatosha.

Jedwali za mshuko wa risasi zilizochapwa kwenye maboksi kwa kawaida huhesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya mita 1,000, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na risasi hushuka kidogo kuliko jedwali lisemavyo. Hadi mita 200 tofauti hiyo haizidi sentimita moja au mbili, isikupe wasiwasi. Kinachodhuru zaidi ni risasi zilizoachwa mbele ya kioo cha gari Karamoja saa nane mchana. Baruti ikipata joto shinikizo hupanda, risasi huenda juu, na bolti huwa ngumu kufungua. Zibebe kivulini.

Kundi lisipokubali kutulia

Bunduki nzuri na risasi za kiwandani zikupe matundu matatu ndani ya sentimita 4 au 5 kwenye mita 100. Yakitawanyika, soma umbo lake kabla ya kulaumu darubini. Matundu yanayopanda wima kadiri mtutu unavyopata moto huashiria mti unaougusa mtutu, au skrubu za mti zilizolegea. Yakienda kulia na kushoto ni upepo au kidole kinachovuta kifyatulio badala ya kukibana. Makundi mawili madogo yaliyotengana, mawili hapa na mawili kule, karibu kila mara ni kikalio au pete iliyolegea. Kama zote zimekazwa, darubini imevunjika ndani.

Kuna jambo la paralaksi pia, yaani msalaba kuonekana kuhama jicho likisogea: darubini nyingi za kuwindia zimepangwa kwa yadi 100, na darubini za bunduki ndogo za .22 kwa yadi 50. Ukitumia ya .22 kwenye bunduki kubwa, msalaba huteleza juu ya shabaha unaposogeza jicho, nayo teke litaimaliza mapema.

Kupima darubini yenyewe, piga moja, zungusha kliki 20 juu ukalenga palepale na kupiga tena, kisha rudisha kliki 20 na upige ya tatu. Ya pili iwe juu kwa karibu sentimita 14.5, na ya tatu irudi kwa ya kwanza. Isiporudi, darubini hiyo haifai kumpeleka mtu mbele ya mnyama.

Risasi ya mtutu baridi

Sasa umeshatumia risasi 12 hadi 15. Tenga tatu kwa asubuhi tatu tofauti: moja kila siku, mtutu ukiwa baridi, karatasi ileile. Matundu hayo matatu yana thamani kuliko kundi lolote zuri ulilopiga mtutu ukiwa moto. Yakikaa sentimita 3 kando ya sifuri yako, isogeze sifuri iyafuate.

Mtutu uliosafishwa ukapakwa mafuta hupeleka risasi ya kwanza mahali pengine. Kabla ya kuwinda pitisha vitambaa vikavu viwili kuondoa mafuta, na ikiwezekana piga moja ya kuuchafua. Zilizobaki pigia kwenye fimbo tatu za kulengea, ukiwa umesimama, mita 50 hadi 100, kwa sababu porini hakuna meza.

Ukifika kambini baada ya saa nane za barabara ya murramu, piga moja tena mahali atakapokuonyesha mwongozaji. Mtikisiko wa barabara hulegeza skrubu ambazo hazikutiwa gundi.

Usafi na hifadhi

Safisha kutoka kwenye chemba kwenda mdomoni, kwa fito lililofunikwa plastiki na brashi ya shaba nyeusi. Piga mswaki mara kumi na dawa ya kuondoa masizi, pitisha vitambaa hadi vitoke vikavu na vyeupe, kisha dawa ya kuondoa shaba mpaka kitambaa kisitoke tena na rangi ya bluu. Malizia kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha. Mafuta ya injini huganda na kukusanya vumbi.

Ukiwa umepiga risasi za kijeshi za zamani, kama zile za .303, fahamu kwamba nyingi zina fataki (kile kidonge kinachowasha baruti) inayoacha chumvi mtutuni. Mafuta hayaiyeyushi. Mimina maji ya moto kupitia mtutu siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta. Ukingoja kesho yake karibu na Ziwa Victoria, utakuta kutu.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu. Iweke kwenye sanduku la chuma linalofungwa, pamoja na vifuko vya kunyonyea unyevu ambavyo unavikausha upya kila mwezi, na risasi zikae kwenye kufuli lao. Namba ya fungu, kliki ulizoishia, na umbali wa sifuri ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mfuniko wa sanduku.